Amri ya Tende Tatu

Hapo zamani, zama ambazo chungu kilipewa heshima kuliko kilemba, palikuwa na mji uitwao Mwambweni, na watu wake walikuwa watu wa kazi na watu wa kula. Wachukuzi wa mji huo walikuwa arobaini, na kila mmoja alikuwa na lake. Pandu hakunyanyua hata kikapu mpaka ale muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu. Masudi Kipara alisema samaki aliyekatwa kichwa si samaki tena, wala hamli. Wanawake waliotwanga mpunga wa Sultani walikuwa hawashiki mchi mpaka waonje ukwaju, na mhunzi, pande la mtu, alitafuna pilipili mbuzi mbichi huku machozi yakimchirizika, akisema, "Tamu! Ongeza!" Basi kila mtu na ulimi wake, na jua likizama kila mtu alikuwa amekwisha kutoa jasho lake.

Miongoni mwa wachukuzi hao alikuwapo mmoja, jina lake Ngwali, fukara asiye na kitu ila kata ya kuwekea mzigo kichwani, mke aitwaye Mize, na mdomo. Penzi lake lilikuwa bada, ugali wa muhogo, ukiwa wa moto, kwa maharage ya nazi, asubuhi kabla jua halijapanda. Watu walimwita mjinga, kwa kuwa ukimwambia neno alilishika vile vile ulivyolitamka, hapunguzi wala hazidishi. Mjinga! Ngojeni mwone.

Sultani wa mji huo, Sultani Burhani, yeye hakuwa na kazi ila kula. Asubuhi kuku wa kupaka, adhuhuri biriani, alasiri halua, na katikati yake sambusa za kupitishia wakati. Ikawa tumbo likamjaa upepo, likawa linanguruma barazani mbele ya wageni, na wageni wanajitia kutazama dari. Akaitwa Tabibu Nasibu. Tabibu akalibonyeza, akalitegea sikio, akatikisa kichwa, akanena, "Bwana wangu, mtu akaaye juu ya mito kutwa kucha hana haja na biriani. Tangu leo utakula tende tatu na kikombe cha uji mwepesi. Basi."

Siku ya kwanza Sultani akavumilia. Siku ya pili akanuna. Siku ya tatu akakaa dirishani, na upepo ukamletea harufu kutoka mitaani: nazi inachemka, vitunguu vinakaangwa, muhogo wa Pandu umo makaani. Sultani akameza mate, roho ikamuuma, akaupiga mto ngumi. "Hivi mfalme ni mimi ama ni wao? Mchukuzi anakula mpaka anabeua, na mimi nalamba kokwa za tende! La, haiwi!" Akaamuru pembe ipigwe mjini kote, na mbiu ikatangaza kwamba tangu siku ile hakuna raia atakayekula kumpita Sultani. Tende tatu na kikombe cha uji, mkubwa kwa mdogo.

Nanyi jueni desturi ya Mwambweni. Neno likishapigiwa pembe halirudi, hata mfalme mwenyewe hawezi kulirudisha, mpaka uandame mwezi mwingine. Na mwezi wa siku zile ndio kwanza una siku mbili.

Lahaula! Mji ukapooza. Pandu akaanguka na gunia mlangoni pa ghala, akabaki chini akiliangalia kana kwamba ni la mtu mwingine. Mhunzi akainua nyundo mara mbili, ya tatu akakaa. Ngwali naye alivumilia siku tano, na siku ya sita akajibanza nyuma ya nyumba na sahani ya bada. Tonge la tatu halijafika tumboni, askari wawili wakamdaka, maana walikuwa wameifuata harufu, nao wana njaa vile vile.

Akapelekwa barazani, mikono ikinuka nazi.

"Ewe Ngwali," akanena Sultani, "hukuisikia pembe?"

"Niliisikia vizuri sana, bwana wangu. Ndiyo maana nikala nyuma ya nyumba."

Watu wa baraza wakauma midomo wasicheke. Sultani akawaka. "Wathubutu kunifanyia mzaha?"

"Sithubutu, bwana wangu. Lakini tende tatu hazinitoshi. Nikibeba gunia moja, zimekwisha kabla sijafika ghalani, na magunia yenyewe yapo mengi. Si mimi peke yangu. Wenzangu wanaanguka."

Sultani akamtazama, kisha akatabasamu tabasamu la mtu mwenye njaa, na hilo si tabasamu jema. "Kumbe wawahurumia wenzako! Vyema. Nakupa siku moja. Kesho jua halijazama, uwashibishe wachukuzi wangu wote arobaini, washibe mpaka wabeue, wala pasiwe na mmoja wao aliyekula hata tonge moja kunipita mimi. Ukiweza, nimekusamehe. Ukishindwa, utatoka mji huu wewe na mkeo, na nyayo zenu zisionekane tena Mwambweni mpaka mfe."

Nani awezaye jambo hilo? Ngwali akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nimesikia, bwana wangu, na nimetii. Ila mimi mjinga, nisije nikakosea tena. Hii amri ya raia kutompita mfalme, ni kwa chakula tu, ama ni kwa kila jambo?"

Sultani akajitutumua. "Kwa kila jambo! Dogo na kubwa! Kwani kuna jambo ambalo raia ampite mfalme?"

"Hakuna!" wakaitikia watu wa baraza, na waziri akipaza sauti kuliko wote.

"Basi na lipigiwe pembe, bwana wangu, na wajinga wenzangu walijue."

Nalo likapigiwa pembe jioni ile ile.

Nyumbani Mize alimpokea kwa kilio. "Umeniponza, Ngwali! Kwa sahani ya bada! Mama yangu kazikwa hapa, wanangu wawili nimewazika hapa. Nikaishi wapi mimi? Nikamzoee nani?"

Ngwali akashikwa na uchungu, akaketi karibu naye, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake. "Mke wangu, nisikilize. Kesho usitwange."

"Nisitwange? Tena hilo ndilo dawa?"

"Usitwange. Na uwaambie wenzio wote wenye michi." Akatoka akaenda kuwaona wachukuzi na watumishi wa jumba, nyumba kwa nyumba.

Kulipokucha, mpunga wa Sultani ulikuwa umeanikwa na kufungwa uwanjani, magunia mia tatu ishirini na manane, mavuno ya mwaka mzima, na mbingu upande wa kusi zimeanza kuwa nyeusi. Waziri akaja mbio, akawakuta wachukuzi arobaini wamekaa, miguu wameinyoosha, mmoja anachokoa meno yasiyo na kitu.

"Nyie! Hamwoni mvua? Bebeni!"

Ngwali akamwamkia kwa adabu. "Shikamoo, mheshimiwa waziri. Tafadhali utuambie, Sultani leo amebeba magunia mangapi?"

"Una wazimu? Sultani abebe gunia?"

"Basi hakubeba hata moja. Nasi tukibeba moja tumempita, na pembe imelia jana. Hatuna shingo za kuchezea."

Waziri akakimbilia kinuni, akakuta michi imelazwa na wanawake wanasukana. "Sultani ametwanga pishi ngapi?" akauliza Mize. Akakimbilia jikoni, akamkuta mpishi wa Sultani amelala chali. "Sultani hajapika," akasema mpishi, wala hakufumbua macho. Akarudi mlangoni pa jumba, akawaona walinzi wameketi chini. "Sultani amekaa," wakasema. "Tukisimama tumempita."

Basi Sultani akatoka mwenyewe, kikombe chake cha uji hakikupikwa, tumbo linanguruma ngurumo nyingine kabisa. "Nitawakata vichwa!" akafoka. "Yuko wapi mwenye upanga?"

Mwenye upanga akainuka kidogo, akaamkia, akakaa tena. "Bwana wangu amekata vichwa vingapi leo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na tone la kwanza la mvua likamwangukia Sultani puani. Akaitazama mbingu, akautazama mpunga wake, akamtazama waziri. "Tangueni amri!" Mpiga pembe akajibu kwa huzuni, "Mpaka mwezi uandame, bwana wangu. Zimebaki siku ishirini na mbili."

Hapo Sultani akavua joho. Wallahi akalivua! Akalitupa chini, akapiga goti, akasema, "Nitwisheni!" Ngwali akampa kata yake, akamweka gunia kichwani, na Sultani Burhani akaondoka akiyumba kama ndama aliyezaliwa leo, macho yamemtoka, akalifikisha ghalani. Nyuma yake wachukuzi arobaini wakainuka pamoja, kila mmoja gunia moja, wala si zaidi.

Akarudi. "La pili!" Akabeba, na arobaini wakabeba. La tatu kilemba kikafunguka. La nne akaanza kutukana. La tano akaacha kutukana, kwani pumzi ya matusi haikuwapo. La sita Pandu akamfundisha namna ya kupiga hatua fupi, naye akamshukuru. La saba akawa anaimba na wachukuzi wimbo wao wa kazi, kiitikio tu. La nane likaingia ghalani, mlango ukafungwa, na mvua ikashuka ya kumwaga.

Sultani akasimama barazani pa ghala, maji na jasho vinamtiririka. Akanena kwa sauti ndogo, "Nina njaa." Kisha kwa sauti kubwa, "Nina NJAA!"

"Mpishi hawezi kukutangulia, bwana wangu," akasema Ngwali.

"Basi nipeni mchi! Nipeni kuni! Nitapika mimi!" Akatwanga pishi moja, na wanawake kila mmoja pishi moja. Akapiga magoti mbele ya mafiga, akapuliza moto mpaka ndevu zikaingia majivu na macho yakawa mekundu, akakoroga maharage, naye Mize anamwelekeza: "Siyo hivyo, bwana wangu, yatashika chini! Koroga kwa upole!" Na mfalme akakoroga kwa upole.

Wali ukapakuliwa kwenye masinia, na kila nyumba nayo ikapakua chungu kimoja, kwani mfalme amekwisha kupika. Sultani akaketi mkekani pamoja na wachukuzi, na mpiga mbiu akapanda juu ya kinu. Maana Sultani alikuwa amepiga kelele tangu asubuhi, na kwa hiyo mpiga mbiu naye alikuwa na ruhusa ya kupaza sauti. Sultani akatia mkono. "Tonge la kwanza!" akaita mpiga mbiu, na watu wote wakala moja. "La pili!" Wakala la pili. Ikawa mji mzima, majumbani na barazani, unasikiliza na kula, na sauti inapokezanwa toka mtaa hadi mtaa. La ishirini! La thelathini! Pandu akatia pilipili yake, Masudi akafunua kichwa chake cha samaki, na mhunzi akalia kwa raha.

Tonge la arobaini na sita Tabibu Nasibu akatokea na kisahani mkononi. "Bwana wangu! Tende tatu!"

Sultani akamtazama, mashavu yamevimba wali. "Tabibu, leo umebeba magunia mangapi?"

Tabibu akaketi, akakunja mkono wa kanzu.

Tonge la hamsini Pandu akabeua. La hamsini na mbili Masudi akalegeza shuka. Mmoja mmoja wote arobaini wakabeua, wakanawa mikono, na Sultani bado anakula. Akafika la sitini na moja ndipo akaegemea ukuta, akabeua beuo lililosikika ng'ambo ya uwanja, na tumbo lake halikunguruma hata kidogo.

"Bwana wangu," akanena Ngwali, "jua halijazama. Wachukuzi wako wameshiba, na hakuna aliyekupita."

Sultani akamtumbulia macho. Kisha bega likaanza kumtikisika, kisha tumbo, akacheka mpaka akalala chali juu ya mkeka, na waziri akacheka kwa kuwa mfalme acheka, na watu wakacheka kwa kuwa wameshiba. "Kaeni katika mji wenu, wewe na Mize," akasema alipopata pumzi. "Na mwezi ukiandama, pembe ilie, kila mtu ale kwa kadiri ya kazi yake na apendavyo ulimi wake. Nami kila asubuhi mniwekee gunia langu."

Mize aliposikia "mji wenu" akafunika uso kwa kanga akalia tena, kilio kingine. Alipofuta machozi akamwona Sultani amenyoosha mkono kwenye sufuria, anakwangua ukoko. Pandu, bila kufikiri, akaukamata mkono wa mfalme.

"Huo haugusi mtu, bwana. Hapa ukoko ni wa aliyechochea moto."

Ndipo Pandu akatambua mkono aliokuwa ameushika ni wa nani. Sultani akayatazama majivu yaliyoganda kwenye ndevu zake, akasema kwa fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku aliyovikwa kilemba cha ufalme, "Basi ni wangu!" Akaung'oa mzima, akauvunja vipande arobaini na vitatu, asimsahau Mize wala tabibu, yeye akabaki na kidogo kuliko wote.

Hekaya imefika kwenye kina cha chungu. Aliyeshiba na anawe, mwenye njaa na ajisogeze.