Mlango Uliobonyea

Hakuna aliyemwona mwanamke yule akiingia kwenye eneo la ujenzi. Mafundi walishtukia tu amesimama kando ya tingatinga la kuchimbia, kiganja chake kikipapasa mlango uliobonyea.

"Mama, hapa si mahali pa wageni," dereva alimwambia kwa upole. Alikuwa na wiki mbili tu kazini, baada ya mwaka mzima bila kibarua, na mkewe alikuwa mjamzito.

"Hapa palipobonyea ndipo alipobanwa mume wangu," mwanamke alijibu. "Kila asubuhi aliizunguka mashine hii kabla ya kuiwasha. Siku moja akahimizwa, akapanda bila kuizunguka. Ukingo wa shimo ulikuwa na ufa, mashine ikaporomoka naye." Akamgeukia dereva. "Niahidi utaizunguka, mwanangu. Hata wakikucheka."

Dereva akaahidi, na jioni akamsimulia mkewe.

Tangu hapo alikagua mafuta, minyororo ya kutembelea na pini za ndoo ya kuchimbia kila asubuhi, kisha akachutama kutazama ardhi. Wenzake wakambandika jina Kobe.

"Shemeji akijifungua, huyu atamkaza mtoto boliti kwanza," fundi bomba mmoja alitania.

Kobe alicheka nao. Lakini kila alipoketi kwenye usukani, macho yalimwenda mlangoni.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, mawingu yalitanda tena, meusi tititi. Mafundi bomba wanne walikuwa tayari mtaroni, vichwa vyao chini ya usawa wa ardhi. Msimamizi alikuja mbio.

"Kobe, panda. Mvua ikitukuta hatujamaliza kile kipande, tumekwisha."

"Nipe dakika kumi, bosi."

"Sina hata moja. Washa, au lete ufunguo uende zako."

Kobe alimfikiria mkewe. Akashika mpini wa mlango, kidole kikagusa palipobonyea. Akauachia mpini, akaanza kuzunguka.

Upande wa mtaro akauona: ufa mwembamba kama uzi, ukipita chini ya mnyororo. Alilaza kijiti juu yake. Kabla hajainuka, kijiti kilidumbukia; ufa ulikuwa unapanuka.

"Tokeni mtaroni," aliwaambia mafundi. "Tokeni sasa hivi."

"Atakayetoka hana kazi," msimamizi alifoka.

Yule fundi mwenye utani alimtazama Kobe usoni. Rangi ilikuwa imemtoka. Akapanda ngazi, wenzake wakamfuata. Wa mwisho hajasimama sawasawa, ardhi ikanguruma. Tingatinga likainama taratibu, kama ng'ombe anayelala, kisha likaporomoka mtaroni, pale pale mafundi walipokuwa wameinama.

"Nani aliyeliegesha hapa jana?" msimamizi aliuliza.

"Ni mimi," Kobe alisema. Jana ardhi ilikuwa kavu, lakini hakujitetea. Mafundi walimwombea msamaha, wakaambulia patupu. Kobe akakabidhi ufunguo.

Mkewe alipomwona amerudi adhuhuri, mikono mitupu, alimpokea mlangoni.

"Uliizunguka?"

"Niliizunguka."

"Basi ingia ule, baba."

Jioni ile wanaume wanne waligonga milango ya nyumba zao, wakafunguliwa. Kobe alikosa kazi, lakini hakuna aliyezikwa. Hakika, mwenda pole hajikwai.