Mkeka wa Hondohondo

Wahenga waliposema maji yakimwagika hayazoleki, mimi huamini walikuwa wamepita Newala. Huku kwetu juu, mchanga una kiu kuliko watu. Ndoo ikikuponyoka ukitoka bondeni, hata hujainama ardhi imeshakunywa, na kilichobaki ni kukaa chini ulie au kuushuka tena mteremko wote. Maana ya methali hii ni kwamba jambo likishaharibika, hasa neno likishatoka kinywani, halirejeshwi. Rahima aliijua maana hiyo tangu akiwa darasa la nne. Kuijua hakukumsaidia kitu.

Rahima alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Aliishi na mama yake na kaka yake, Alfani, katika kijiji kilicho ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Baba yao alikwisha kufariki. Msimu mmoja mikorosho yao ilipigwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakakauka mitini, na Alfani akachukua shoka ili akachome mkaa wa kupeleka Masasi. Mti alioutaka ulikuwa msolo mkubwa, ule ambao wazee humwaga unga chini yake na kuwataja marehemu wao. Mama yake alimkataza, dada yake akamsihi, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Mti ni mti tu," alisema, akaenda zake.

Adhuhuri Rahima alimpelekea chakula. Alikuta msolo umelala chini, shoka liko kando ya kisiki, na shati la Alfani limetupwa kwenye majani. Juu ya gogo alikuwa ametua hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, akimtazama.

"Rahima, ni mimi," ndege alisema kwa sauti ya kaka yake. "Wenye mti wamekasirika. Nafasi niliyopewa ni moja. Nisukie mkeka wa ukindu wa kunitosha kulala, na ukindu ukaukate mwenyewe bondeni. Tangu leo mpaka nisimame na kukuita jina lako, neno lisikutoke kwa mtu yeyote, si kwa mdomo, si kwa simu, wala kwa kalamu. Likikutoka, nimekwisha."

Baada ya hapo ndege hakusema tena.

Kunyamaza mahali pengine ni kazi nyepesi. Kwetu ni balaa, kwa sababu kila njia ina wakubwa na kila mkubwa anangoja shikamoo yake. Rahima alipopita na mzigo wa ukindu kichwani, alipiga magoti na kuinamisha uso, lakini midomo aliifunga. Mwanzoni watu walidhani anaumwa jino. Walipochoka kumhurumia, wakaanza kumsema.

"Hicho ndicho kidato cha tatu," alisema Bibi Stamili, jirani yao. "Akifika cha nne atatuzaba makofi."

Hayo Rahima aliyavumilia. Lililomuumiza zaidi ni la mama yake. Alfani alikuwa ametafutwa mpaka Masasi na Lukuledi bila mafanikio, na Mama Alfani alijua ni nani aliyemwona mwisho.

"Kaka yako yuko wapi, Rahima? Wewe ndiye uliyempelekea chakula. Sema, mwanangu!"

Rahima alisuka. Mama akamchapa kwa mwiko, halafu akautupa mwiko na kuanguka magotini mbele ya binti yake. "Mmoja kapotea, wa pili kawa bubu. Nimemkosea nini Mungu?"

Rahima alijikaza kisabuni, machozi yakidondoka juu ya ukili aliokuwa akiusuka. Kila asubuhi hondohondo alitua juu ya paa, na kila asubuhi mama alimfukuza kwa mawe. "Toka, ndege wa uchuro we!" Rahima aliyaona mawe yakiruka, na hata hapo alinyamaza. Sijui moyo ule aliupata wapi.

Miezi ikapita, mkeka ukafika mwisho. Siku hiyo mama alikuwa amekwenda kuteka maji. Rahima alishona ukili wa mwisho, akautandika mkeka uani, na hondohondo akashuka akajilaza. Manyoya yakaanza kumpukutika. Vilitokea vidole vya miguu, yakaja magoti, kiuno, mikono ya Alfani yenyewe. Kilibaki kichwa. Rahima akaanza kulia kwa furaha. Alikuwa amekilinda kinywa chake dhidi ya hasira, matusi na huruma, lakini furaha hakuitilia komeo.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Mjomba Mujibu, ametoka Chiungutwa kwa bodaboda, kuja kuona kama kweli mpwa wake amepoteza adabu. Na mjomba kwetu si mgeni. Ndiye mwenye watoto, na bila yeye hawachezwi unyago wala hawaolewi. Tangu alipojua kusimama, Rahima alifundishwa neno la kumpokea. Magoti yake yalijikunja yenyewe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu!" Mjomba alijibu, uso umemkunjuka. "Mbona walinidanganya? Mpwa wangu ana adabu zake!"

Rahima alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nyuma yake manyoya yaliota upya juu ya mabega, vidole vikajipinda vikawa kucha, na hondohondo akaruka akavuka ua.

Mama Alfani, aliyekuwa akiingia na ndoo yake, aliisikia sauti ya binti yake akapiga vigelegele. "Rahima amesema! Jamani, mwanangu amesema!"

Ndipo Rahima alipowaeleza yote, na vigelegele vikakatika. Mjomba alikwenda kumwaga unga kwenye kisiki na kuomba radhi. Rahima alisuka mkeka wa pili, kimya kuliko mara ya kwanza, lakini hakuna aliyeshuka kuulalia. Hondohondo alionekana tena mikoroshoni pamoja na wenzake. Mama yake alimwita kwa jina mpaka sauti ikamkauka, naye akaendelea kudonoa. Hakumjua mtu.

Siku hizi Rahima huwaamkia watu wote njiani, na wote humsifu kwa heshima yake. Akishawapita, hulia. Lilikuwa neno jema, alilofundishwa na waliompenda, lakini lilitoka kabla ya wakati wake, na maji yakimwagika hayazoleki.