Utambulisho Mtoni

Kulikuwa na mama mmoja mkalimani. Msiniulize alikuwa wa usharika gani, maana nikitaja tu mtaacha mfano mkaanza kutafuta ni shangazi wa nani. Alikuwa mwalimu mstaafu na Kijerumani alikijua, inatosha. Mwaka huo usharika wao ulialikwa na usharika rafiki kule Ujerumani, wakachaguliwa watu wanane, na yeye akawa wa nane kwa sababu bila yeye wale saba wangeomba maji wakaletewa bia.

Wenyeji waliwachagulia majira mazuri. Baridi ilikuwa imeondoka, miti imechanua maua kabla hata ya kutoa majani, na mto umejaa. Wakawakatia nafasi kwenye meli ya kutembeza wageni, ile inayoteremka taratibu katikati ya vilima, na juu ya kila kilima pana ngome ya kale ya mawe. Zamani walikaa humo mabwana wakubwa na askari wao. Siku hizi wanakaa kunguru, na watu wanatoka mbali kwenda kuzitazama.

Walipokuwa wanapanda, bibi mmoja wa miaka themanini na ushei akamshika mkalimani mkono. Huyu ndiye mwenyeji wao mkuu, aliyeuandikia usharika barua kwa miaka thelathini. Akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, leo ninyi ndio macho yangu, mimi sioni mbali tena. Chini ya ngome ya nne, ile yenye mnara wa duara, pana ukuta wa shamba la mizabibu. Mtoto wangu wa kiume anaishi hapo. Miaka kumi na mmoja hatusemezani. Nilimwandikia kwamba leo nitapita, naye akajibu: 'Nikiwa tayari kukupokea, nitasimama ukutani na kitambaa chekundu. Ukinipata hapo, shuka kituo kinachofuata, nitakuja kukuchukua. Usiposhuka nitajua hukutaka, na tusiandikiane tena.'"

"Kwa nini usishuke tu, bibi, hata usipomwona?"

"Nimekwenda mlangoni kwake mara mbili, akanifungia nikiwa nimesimama. Mara ya tatu sina nguvu nayo. Nitazamieni tu."

Mkalimani akacheka kwa upendo. "Hilo tu, bibi? Tuko wanane, macho kumi na sita! Hata nzi hatapita pale bila kuonekana."

Bibi akaketi, amevaa kofia yake nzuri, na mkoba mdogo mapajani. Alikuwa amefunga nguo za siku mbili, endapo angeshuka.

Meli ikang'oa nanga. Mwenyekiti wa ujumbe akasimama, akaegemea ukingo wa meli, mgongo wake kwa ngome zote za Ujerumani, akakohoa. Mnakijua kikohozi hicho.

"Bwana asifiwe! Kabla hatujaanza kutazama, ni vyema tukatambuana."

Ndugu zangu, watu hawa walikuwa wamekaa na wenyeji wao siku tisa! Wamekula nao, wamelala nyumbani kwao, wanajua hadi majina ya paka wao. Utambulisho wa nini? Lakini mwenyekiti akaanza kwa cheo cha kwanza, akaenda cha pili, hadi cha uenyekiti wa kamati ya kaburi. Ngome ya kwanza ikapita. Akasimama katibu, akaona vyema aeleze usharika ulivyoanza chini ya paa la nyasi. Ngome ya pili ikapita. Akina mama wakatoa kitenge na wimbo wa beti sita, na ubeti wa nne wakaurudia kwa sababu sauti ya pili ilipotea.

Mkalimani alikuwa amesimama ubavuni mwa mwenyekiti, naye ameupa mto mgongo, anatafsiri hadi jasho linamtoka. Bibi akamvuta mkono wa nguo.

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu, bibi." Akamgeukia mwenyekiti, akanong'ona, "Samahani, mwenyekiti. Bibi ana jambo zito. Tukifika ngome inayofuata, naomba wote tutazame ukutani chini yake."

"Mama, tuheshimu ratiba. Hilo tutaliweka kwenye mengineyo."

"Mwenyekiti, mto hauna mengineyo. Ukipita umepita."

"Usinikatize mbele ya wageni," akasema mwenyekiti, akitabasamu kwa ajili ya picha. "Sasa nakuja kwenye shukrani za kengele waliyotuzawadia. Tafsiri vizuri hapa, hapa ndipo penyewe."

Je, mkalimani angeweza kupiga kelele? Angeweza. Angeweza hata kunyamaza tu, ageuze shingo, atazame. Shingo ilikuwa yake. Lakini nani kati yetu amewahi kumkatiza mwenyekiti? Alikasirika, na kwa hasira hiyohiyo akaendelea kutafsiri, neno kwa neno, cheo kwa cheo. Na wale wengine sita walioketi wakiuelekea ukuta? Wanne walikuwa wameinamia vikaratasi, kila mmoja anapitia atakachosema zamu yake ikifika. Katibu alikuwa anaandika kumbukumbu. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu, na alichokitazama ni kidevu cha mwenyekiti, kisikatwe kwenye picha.

"Makofi ya kilo kwa kengele!" Wakapiga.

Meli ikapiga honi, ikakaribia kituo. Bibi akasimama na mkoba wake.

"Mmemwona?"

Mkalimani akageuka. Mto ulikuwa umepinda, ngome ya nne haionekani tena. Akawauliza wenzake, mmoja akasema, "Nani?" Sasa hapa ndipo ninapomwonea uchungu mama yule, maana alikuwa mtu mwema. Alipaswa kusema, "Bibi, hatukutazama." Neno fupi. Aibu ikamshika, akasema:

"Bibi, hatukumwona."

Bibi akabaki amesimama kidogo. Watu wakashuka, watu wakapanda, kamba ikafunguliwa. Akaketi. "Basi," akasema. "Nilijua." Akamwomba mkalimani amtafsirie mwenyekiti kwamba hotuba ilikuwa nzuri sana.

Walipofika mwisho wa safari, wakingoja gari, yule mwenye simu akataka kuwaonyesha wenzake alivyorekodi. Wakakusanyika. Mwenyekiti yupo, shukrani za kengele zipo, na nyuma ya bega lake kuna ngome yenye mnara wa duara. Chini yake ukuta, na juu ya ukuta mtu mdogo kama punje ya mchele, anapunga kitu chekundu, anapunga kwa mikono miwili.

Mkalimani akamwendea bibi, akapiga magoti, akamweleza yote, akamwekea simu mkononi. Bibi akaisogeza usoni, akaiweka mbali, hakuona kitu.

"Anapunga?"

"Anapunga, bibi."

"Aliacha lini?"

Mkalimani akairudia ile video hadi mwisho, akaitazama kwa makini, kwa mara ya kwanza siku ile akitazama kweli.

"Tulipopiga makofi," akasema.

Mnaguna? Msimgunie mwenyekiti, wapendwa. Mwenyekiti yule ni sisi, na mimi nimo. Ibada hii tumeianza saa tatu, sasa ni saa tano na nusu. Tumewatambulisha wageni, tukawatambulisha waliowaleta wageni, fundi wa spika naye akasimama akapunga mkono. Kwaya mbili zimegombania nani atangulie. Tumechoka, na bado hatujatazama chochote! Kisha mtu wetu akituharibikia, akiacha kuja, akijitia kitanzi, tunakaa msibani tunatikisa vichwa: hatukuona dalili. Hatukuona! Muwe na adabu mbele za Mungu, semeni kweli, hatukutazama. Dalili zilikuwepo. Zilipungwa kwa mikono miwili, sisi tukiwa kwenye shukrani za kengele.

Mzee wa kanisa, usiniletee hayo matangazo. Najua yako kurasa tatu. Leo hayasomwi.

Kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, kuna mtu ambaye analia tangu wimbo wa kwanza. Mimi nilimwona nikiwa nasoma salamu za sharika jirani, na nikaendelea kusoma. Msigeuke wote mkamkodolea macho. Mmoja wenu anyanyuke, aende akakae naye.

Sisemi amina mpaka mtu anyanyuke. Nasubiri.