Jiko la Nakijwa Lilipolala

Paukwa.

Pakawa.

Pawe na nini?

Pawe na moto, na chungu, na watu wa kukizunguka.

Na asiyekuwapo?

Mwekeeni nafasi.

Basi nyamazeni, ngano inakuja kwa miguu yake yenyewe.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wakisemezana na watu, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Watu wake walilima ulezi. Walilima pamoja, walipalilia pamoja, na mwaka ulipogeuka walikula pamoja. Sikukuu yao kubwa kuliko zote iliitwa Siku ya Mlo Mpya.

Mila yake ilikuwa hivi. Ulezi ukiiva, hakuna aliyeuonja, mkubwa wala mdogo. Kwanza kila nyumba ilileta kaa la moto kutoka jikoni kwake, limelazwa juu ya kigae. Makaa yote yakawekwa pamoja uwanjani, yakapulizwa, yakawa moto mmoja. Juu ya moto huo ulipikwa ugali wa ulezi mpya, na togwa ya ulezi mpya. Wafu wakamiminiwa kwanza, kisha wazee, kisha wote. Nyumba moja ikikosa kuleta kaa, moto ule haukuwa wa kijiji, na mlo ule haukuwa mlo.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, jina lake Nanzia. Wakati wa palizi homa ikaingia nyumbani, ikamtazama mama, ikamtazama mtoto, ikamchukua mtoto.

Watu wakalia. Wakazika. Wakazima jiko la Nakijwa na kuzoa majivu, kama ilivyo desturi ya matanga. Matanga yalipokwisha wakamwambia, "Sasa washa. Marehemu huondoka na moshi wa kwanza, akapumzike."

Nakijwa hakuwasha.

Kwa sababu jua lilipokuchwa siku ile, alisikia nyayo ndogo mlangoni. Mtoto wake akaingia, mwembamba kama ukungu, akaketi kando ya mafiga alipozoea kuketi. Akaimba kwa sauti ndogo:

Mama, mama, nimekuja,
nimekuja peke yangu;
jiko letu limelala,
nani ataliamsha?

Nakijwa akasikia *nimekuja*, moyo wake ukajaa. Hayo mengine hakuyasikia. Akasema moyoni, "Kumbe jiko likilala, mwanangu anarudi. Basi na lilale."

Ikawa hivyo kila jua likichwa. Nakijwa akaacha kupika. Akala matunda ya porini, akala mboga mbichi, akanywa maji ya mtoni. Aliona hana haja ya kitu kingine.

Mwaka ukageuka. Ulezi ukaiva, vishuke vyake vikakunja vidole kama ngumi ya mtoto aliyelala. Ghalani hakukubaki kitu. Ulezi wa zamani ulikuwa umekwisha, na ulezi mpya haukuguswa, maana kaa moja lilikuwa halijaletwa. Watu wakakaza mikanda. Ndege wakala, watu wakawatazama.

Ndipo Mzee Senzota, mkuu wa kijiji na baba mkwe wa Nakijwa, akachukua fimbo yake akaenda kwa mkwewe. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akakohoa kama wafanyavyo wakwe.

"Hodi humu."

Nakijwa akatoka, akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkwe wangu, kijiji kina njaa."

"Nasikia, baba."

"Ukisikia, washa."

"Siwezi, baba."

"Mimi nilimzika baba wa mtoto huyo, na alikuwa mwanangu. Niliwasha siku ya nne. Wewe una moyo wa namna gani usiozimika wala kuwaka?"

Nakijwa akainamisha kichwa. "Nipige ukitaka, baba. Kuwasha siwashi."

Mzee akainua fimbo, akaishusha. Akarudi alikotoka, na mgongo wake ulikuwa umeinama kuliko alipokuja.

Jua likachwa. Mtoto akaja, akaketi, akaimba:

Mama, mama, nimekuja,
nimekuja peke yangu;
jiko letu limelala,
nani ataliamsha?

Mama akasikia *nimekuja*. Hayo mengine hakuyasikia.

Kesho yake akaja Fisi. Fisi hakupiga hodi. Fisi alikaa kizingitini akajilamba pua.

"Dada Nakijwa, mimi si kama wazee. Mimi sina haya, nina njaa tu. Nimekuja na neno jepesi."

"Liseme uende."

"Usiwashe. Lala na jiko lako. Mimi nitachota kaa kwa jirani, nilipeleke, niape kwamba limetoka kwako. Kaa ni kaa, dada. Lina jina limeandikwa usoni?"

 Nakijwa alijua kwamba jambo lile si zuri. Lakini alimwona mtoto wake kwa macho ya moyo, ameketi kando ya mafiga. Akasema, "Fanya utakalo. Mimi sijakuona."

"Ndiyo maana nakupenda," Fisi akasema, akaenda zake akichechemea kwa furaha.

Akaiba kaa nyumba ya jirani. Akalipeleka uwanjani, akaapa kwa meno yake yote. Watu wakataka kuamini, maana mwenye njaa haulizi sana. Wakayapuliza makaa. Ukatoka moshi. Wakapuliza tena. Ukatoka moshi mzito kuliko ule wa kwanza. Wakapuliza mara ya tatu mpaka mashavu yakauma, kikapatikana kimoto cha rangi ya manjano, kinyonge, kinatetemeka pasipo upepo. Wakabandika chungu hivyo hivyo. Uji ukachemka kwa shida, wakauacha upoe, wakautia kimea, wakaufunika, wakangoja.

Asubuhi wakafunua. Hakukuwa na povu. Maji yalikuwa yamejitenga juu, unga umelala chini, kama watu wawili waliogombana.

Mzee Senzota akatazama chunguni, kisha akamtazama Fisi. "Moto huu una nyumba moja mara mbili, na nyumba nyingine haimo kabisa."

Fisi akacheka.  Wakamfukuza kwa vijinga vya moto mpaka bondeni, naye hadi leo akiuona moto wa watu husimama mbali gizani akacheka, asisogee.

Wakaumwaga ule uji. Jua likachwa. Mtoto akaja kwa mama yake, akaimba wimbo wake. Lakini sauti ilikuwa imepungua. Nakijwa akasema, "Amechoka kwa safari." Hakuwaza zaidi ya hapo.

Siku ya nne akaja Namkunda.

Namkunda alikuwa jirani, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Maziwa yake yalikuwa yamekauka kwa njaa. Mtoto yule alikuwa ameacha kulia. Alifungua kinywa tu, kama kinda la ndege, akakifunga.

"Hodi, Mama Nanzia."

Nakijwa akashtuka. Tangu msiba hakuna aliyemwita hivyo. Waliogopa kulitaja jina, wakamwita mkwe, wakamwita dada, wakamwita mjane.

"Karibu," akasema.

Namkunda akaketi chini. Hakutaja njaa. Hakutaja kaa. Akamgeuza mtoto wake magotini, akauliza, "Nanzia alipenda kula nini?"

"Ukoko," Nakijwa akasema. "Ukoko wa ugali, ule ulioungua kidogo. Angeweza kugombana na chungu."

"Aligombana na wewe pia?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nikimficha ukoko. Nilimwambia ukoko unaleta mvua siku ya harusi. Akanijibu, basi nitaolewa kiangazi."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kilimuuma Nakijwa kifuani kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kupata damu. Wakaendelea kusema habari za Nanzia, jinsi alivyotembea, jinsi alivyoogopa vyura, na wakati walipokuwa wakisema jua likachwa.

Nyayo ndogo zikaja. Nakijwa akataka kumtoa jirani nje, akachelewa. Mtoto akaingia, akaketi, akakunja mikono kifuani, akaimba kwa sauti ambayo ilikuwa karibu si sauti tena:

Mama, mama, nimekuja,
nimekuja peke yangu;
jiko letu limelala,
nani ataliamsha?

Namkunda hakukimbia. Alimkumbatia mwanawe, akatulia. Kisha akasema polepole, "Mama Nanzia. Mtoto anakuuliza. Hutamjibu?"

Hapo Nakijwa akausikia wimbo wote. Akamtazama mwanawe, si kama mtu anayemtazama aliyerudi, ila kama mama anavyomtazama mtoto kabla ya kulala. Akaona midomo imekauka. Akaona mabega yanatetemeka. Akakumbuka neno alilolijua tangu utotoni, ambalo kila mtu kijijini alilijua: wafu nao hungoja Mlo Mpya, na wao ndio humiminiwa kwanza.

"Mwanangu," akasema, "una baridi?"

"Ndiyo, mama."

"Una njaa?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuimbia, mama."

Nakijwa akainuka.  Namkunda akaleta kijinga kutoka kwake. Nakijwa akapanga kuni katikati ya mafiga, akapiga magoti, akapuliza. Mara ya kwanza machozi yaliingia motoni. Mara ya pili pumzi ilikatika. Mara ya tatu moto ukashika.

Nanzia akanyoosha vidole vyake motoni. Akavigeuzageuza. Akasema, "Sasa naona joto."

"Chakula kitakuwa uwanjani," mama akamwambia. "Nenda ukaningoje huko."

Moshi wa kwanza ukapanda, ukapita katikati ya nyasi za paa, ukatoka. Kando ya mafiga hapakuwa na mtu.

Nakijwa akachukua kaa moja kubwa, akaliweka juu ya kigae, akalipeleka uwanjani mwenyewe.  Wale waliokuwa wameketi wakasimama. Wakaleta makaa yao, nyumba kwa nyumba, na moto ukapanda mpaka ukamulika uso wa kila mtu. Wakapika togwa, wakatia kimea, wakafunika. Asubuhi chungu kilikuwa kinanong'ona kwa povu.

Mzee Senzota akampa Nakijwa kata. Ndiyo mila: nyumba iliyofiwa mwaka ule ndiyo humimina. Na anayemimina sharti ataje jina.

Nakijwa akachota. Togwa ikamwagika kidogo kwenye kidole chake. Kijiji kizima kilikuwa na njaa, kinamngoja, na hakuna aliyemharakisha.

"Nanzia," akasema. "Kunywa, mwanangu."

Akamimina. Udongo ukanywa.

Kisha wazee wakanywa. Kisha wote wakanywa. Namkunda akanywa kata, akanywa nyingine, na kabla ya jua kufika utosini maziwa yakarudi, na mtoto wake akalia kwa nguvu hata ngoma zikanyamaza ili watu wamsikilize.

Jioni Nakijwa akarudi nyumbani na ugali wake kwenye jani la mgomba. Jua likachwa. Akatega sikio mlangoni. Hakuna aliyekuja. Akaketi, akala chakula chake, tonge kwa tonge, mpaka kikaisha. Kisha akalia. Lakini alilia akiwa ameshiba, na moto umewaka mbele yake, na kilio cha namna hiyo kina mwisho.

Wakubwa wanasema: usimzuie umpendaye kwenye baridi kwa kuwa wewe unaogopa kubaki. Na mlo wa sikukuu haukamiliki mpaka mwenye huzuni naye ameleta kaa lake.

Ngano yangu nimeipakua, sufuria ni tupu. Mwenye kushiba na anawe mikono. Na wewe uliyesinzia katikati, kesho usiniulize. Nitakwambia ilikuwa ya Sungura.