Tanzia ya Mtu Aliye Hai

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana redio zilikuwepo na simu za mkononi zilikuwepo, palikuwa na chuo kikuu huko nyanda za juu kilichofundisha uandishi wa habari. Chuo kilikuwa na redio yake, ikisikika mpaka vijiji vya mbali. Kila siku saa saba mchana redio ile ilisoma matangazo ya vifo, na dakika hizo watoto walinyamazishwa kila nyumba.

Mwalimu wa pale aliitwa Dokta Rwezahura. Mkali, lakini kazi anaijua. Siku moja akawaambia wanafunzi wa mwaka wa pili: "Kesho mniletee tanzia. Mwandikie mtu aliye hai, mtu unayempenda, ili uonje uzito wake. Jina la kweli, kijiji cha kweli, namba ya simu ya kweli. Na nisione neno 'zoezi' juu ya karatasi. Chumba cha habari hakina mazoezi!"

Basi binti mmoja, Tusajigwe, akamwandikia baba yake, Mzee Anyosisye, mkulima wa chai, mjane, mzima kabisa. Akaandika kwamba amefariki alfajiri, kwamba mazishi ni kesho saa nne asubuhi, kwamba ameacha mama yake mzazi na mtoto mmoja, Tusajigwe, mwanafunzi wa uandishi wa habari. Aliandika mpaka machozi yakamtoka. Printa ya maktaba ilikuwa mbovu, akaenda kuchapa pale redioni. Zikatoka nakala mbili. Akabeba moja, ya pili akaiacha kwenye printa. Msigune, bado.

Mhariri wa zamu siku hiyo alikuwa Mwasiti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Akaiona karatasi, akadhani imeletwa na wafiwa. Sheria ya redio ilisema hakuna tanzia kusomwa kabla ya kuwapigia simu wenye msiba. Mwasiti akapiga namba iliyo kwenye karatasi, mara moja tu. Haipatikani, Mzee yuko shambani na simu imeisha chaji. Mwasiti akasema moyoni, nyumba ya msiba, nani atakumbuka kuchaji simu? Akatia saini.

Msomaji alikuwa Ngonyani. Sasa sikilizeni hili. Asubuhi ileile Ngonyani alikunywa chai na Tusajigwe, wakacheka mpaka wakapaliwa. Akaona jina la Tusajigwe kwenye karatasi. Akashtuka. "Maskini Tusa, hajaambiwa bado!" Lakini hakumpigia simu. Kwao alifundishwa kwamba habari ya msiba humwambii mwenzako ovyo, wazee ndio humketisha mtu wakamwambia. Jamani! Akaona haya kumwambia mtu mmoja, akawaambia wilaya nzima. Na alisoma vizuri, kwa sauti nzito, ya taratibu. Tusajigwe mwenyewe alikuwa darasani, hakusikia lolote.

Kule kijijini, Bibi Tupokigwe, mama yake Mzee Anyosisye, alikuwa anachambua maharage, redio iko kando. Akasikia jina la mwanawe. Akasema, "Si ametoka hapa asubuhi, ameniaga?" Akasimama, akashika kifua, akaanguka. Majirani waliokimbilia pale kwa sababu ya tangazo walimkuta sakafuni, roho imekwisha toka.

Mzee Anyosisye akarudi kutoka shamba, kikapu cha chai mgongoni. Akakuta uwanja umejaa watu na vilio. Walipomwona, wanawake wakatawanyika wakipiga mayowe, mmoja akaruka ua na khanga yake ikabaki kwenye miti.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," wakamjibu.

Akaingia ndani, akamkuta mama yake.

Kesho yake saa nne asubuhi, saa ileile iliyotajwa, watu waliokuja kumzika Mzee Anyosisye wakamzika mama yake, na Mzee mwenyewe akashika koleo. Tusajigwe alikuwepo, analia. Baba yake akamuuliza, "Mwanangu, wewe unasoma hukohuko. Nani amenifanyia hivi?"

Tusajigwe akajibu, "Sijui, baba."

Mwili unanisisimka kila nikilisimulia neno hilo.

Baada ya siku nne Mzee akafika chuoni, akaingia kwa mkuu wa chuo. "Sikuja na polisi," akasema. "Nataka masahihisho, yasomwe saa saba. Lakini msiniambie 'kituo kinasikitika.' Kituo hakina moyo. Nataka jina moja la mtu, lisikike mpaka kijijini kwangu. Mkitaja wengi, kila mmoja atajificha nyuma ya mwenzake."

Mkuu akakubali, akaongeza: "Na atakayetajwa, hana tena nafasi chuoni hapa, awe mwanafunzi au mwalimu." Akaagiza wote walioigusa karatasi ile waitwe.

Dokta Rwezahura akasema: "Mimi nilitoa kazi ya darasani. Sikumtuma mtu kuipeleka hewani. Hata hivyo, neno 'zoezi' nililikataza mimi."

Mwasiti akasema: "Mimi nilipiga simu, haikupatikana. Ningengoja mpaka ipatikane, bibi angekuwa hai. Lakini karatasi ya uongo sikuiandika mimi."

Ngonyani akasema: "Mimi nilisoma kilichotiwa saini, msomaji hahariri. Ila nilimjua binti aliyetajwa mle, na nikanyamaza. Tangu siku ile silali."

Mzee akawatazama wote watatu. "Na aliyeiandika yuko wapi?"

Sauti ikatoka mlangoni: "Ni mimi, baba."

Mzee aligeuka polepole. Alimtazama binti yake, akatafuta kiti, akakikosa, akakaa chini sakafuni na koti lake. Tusajigwe akapiga magoti. "Niliandika kwa kukupenda, baba. Karatasi niliisahau. Na siku ya mazishi nilikudanganya kwa kuogopa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi. Mkuu wa chuo akaweka mezani karatasi ya masahihisho, kila kitu kimeandikwa isipokuwa jina, akamnyooshea Mzee kalamu. "Neno ni lako. Kama unataka kulifuta ombi lako, lifute."

"Silifuti," akasema Mzee. "Mama yangu si zoezi. Lakini mimi ni mwana wa yule aliyekufa na ni baba wa huyu aliyepiga magoti. Kalamu hiyo siwezi kuishika. Mpeni mtu asiyetujua."

Haya, jamaa zangu. Nyinyi hamumjui Dokta, hamumjui Mwasiti, wala Ngonyani, wala binti wa watu. Dakika kumi ndizo zilizobaki, na kijiji kizima kimefungua redio. Je, ni nani aliyestahili jina lake kuandikwa pale?