Pimbi Aliyetembeza Mpaka

Hapo zamani za kale, pimbi alikuwa na shamba, na jirani yake alikuwa tembo. Wewe wa nyuma, usicheke. Ni pimbi huyuhuyu unayemjua, aliyefanana na sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa na nyumba, mke, watoto na migomba, huko juu mlimani ambako ukungu hushuka asubuhi na kukaa mpaka utakapopenda wenyewe. Na tembo alikuwa mjomba wake. Hilo nalo msicheke. Siku mkiwaona, tazameni kucha za miguu, mtauona undugu.

Huyo Pimbi alikuwa amesoma. Alisoma mpaka vitabu vikamwishia, akarudi nyumbani na cheti, akapita kwa kila mnyama mwenye kazi ya kutoa.

Nyati akamwuliza, "Una uzoefu?"

Nyani akamwuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Fisi hakuuliza kitu. Alikichukua kile cheti, akakinusa, akakirudisha kikiwa na mate.

Basi baba yake akamhurumia, akamkatia ukanda wa shamba mwembamba kama mkia wa pimbi. Na mnajua wenyewe pimbi hana mkia.

"Baba, hapa nikilala nikageuka, niko kwa jirani."

"Basi lala bila kugeuka," baba akasema, akaenda zake.

Jirani ndiye huyo Mjomba Tembo. Shamba lake lilianzia kwenye mfereji wa maji likaishia korongoni. Na kati ya shamba la Tembo na ule ukanda wa Pimbi palikuwa na safu ya masale.

Sikilizeni habari za masale, maana nyinyi mmekulia kwenye kuta za matofali. Sale ni kichaka chembamba chenye majani marefu kama panga, kijani masika na kijani kiangazi. Kule mlimani lina kazi mbili. Ya kwanza, ndilo mpaka. Likishaota mahali, hakuna wa kuling'oa wala wa kulikanyaga. Atakayethubutu, laana itamfuata yeye na ukoo wake. Ya pili, ndilo radhi. Ukimkosea mwenzako, unachuma jani la sale, unalipiga fundo, unampelekea. Akishaliona, lazima akusamehe. Hata kama umemchomea nyumba, lazima.

Siku moja Tembo akamwita Pimbi kando ya safu ile.

"Mpwa wangu, mimi nikiligusa sale navunja. Wewe una vidole vyepesi. Nitunzie mpaka wetu, nami nitakuwa nakuletea mkungu wa ndizi."

"Hutaki kuona cheti, Mjomba?"

"Cheti cha nini? Si nakuona wewe?"

Wanyama wote wa mlima ule, wenye pembe na wenye meno, hakuna aliyempa Pimbi kazi isipokuwa huyo mmoja. Likumbukeni hilo, maana Pimbi alilisahau mapema.

Mwanzoni aliitunza ile safu kama mtoto mchanga. Alibandua majani makavu ya chini kwa mkono, chwa, chwa, chwa. Aliweka samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina lisije likaungua. Maji hakumwaga ovyo, maana sale likizidishiwa maji huoza miguu. Lililorefuka mno alilikata kichwa, nalo likachipua vichwa viwili. Wapita njia wakasifu. Tembo akaleta mikungu, tena ile minene.

Sasa, siku moja akipunguza matawi, kipande cha shina kikamponyoka, kikaangukia upande wa Tembo. Mvua ikanyesha. Baada ya muda Pimbi akakuta kile kipande kimetoa mizizi, kimesimama, kina majani matatu ya kujidai.

Pimbi akakikodolea macho. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

"Sheria inasema usiling'oe," akajisemea. "Haijasema usilikate."

Hapo ndipo elimu yake ilipopata ajira.

Masika yakaja. Pimbi akakata mashina ya safu nzima, mshazari, akayalaza kivulini mpaka vidonda vikakauka, akayachomeka hatua moja ndani ya shamba la mjomba wake. Visiki vya zamani akavifunika majani ya migomba, tabaka juu ya tabaka, vikajificha humo kimyakimya. Masika mengine, hatua nyingine. Hakung'oa hata sale moja. Aliyatembeza tu.

Mkewe akamwuliza, "Baba watoto, mbona shamba letu linanenepa?"

"Samadi," Pimbi akasema.

Tembo naye alikuwa na mti wake wa mringaringa aliozoea kujikunia mgongo. Siku moja akaenda kujikuna, akaukuta uko ng'ambo ya masale, kwa Pimbi.

"Mpwa! Mti wangu umehama?"

"Relax, Mjomba. Tangu lini miti ikahama?"

"Mbona uko kwako?"

Pimbi akamzunguka mjomba wake, akampima kwa macho, akatikisa kichwa kama daktari. "Sitaki kukuudhi. Lakini umenenepa. Mtu akinenepa, shamba linaonekana dogo. Ni sayansi hiyo, tumesoma."

Tembo akalitazama tumbo lake kwa aibu. "Kumbe?"

"Punguza ndizi."

Na masikini Tembo akapunguza ndizi. Akashinda na njaa kwenye shamba lake mwenyewe, akisubiri liwe kubwa.

Halikuwa. Siku moja anapita, mguu ukaparuza takataka za migomba, para, kisiki kikachomoza. Akaparua tena, kingine. Safu nzima ya visiki, imenyooka, ikimwonyesha mpaka ulipokuwa. Mlima ukasikia mlio wa Tembo mpaka kunguru wakahama matawi.

Pimbi hakukimbia. Kukimbia ni kwa wasiosoma. Alichuma jani, akalipiga fundo, akapiga magoti njiani, akainua mikono.

Tembo akaja, puu, puu, puu, ardhi inatetemeka, akamsimamia. Mguu mmoja tu ungetosha. Akaliona jani. Akanyoosha mkonga. Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema.

"Asante, Mjomba. Ubarikiwe."

"Basi rudisha mpaka."

"Ah, huo umeshaota. Nani atang'oa sale? Wewe?"

Tembo akautazama ule mstari wa kijani, mwembamba, ambao angeupitia kama nyasi. Hakuupitia. Aligeuka akaenda nyumbani. Na Pimbi akacheka, akacheka, akabingirika chini kwa kicheko. Yule mkubwa amefungwa mara mbili, kwa kamba ya majani.

Kuanzia hapo hakuficha tena. Alitembeza, akachuma jani, akasamehewa. Akatembeza, akachuma, akasamehewa. Mwishowe alikuwa anakwenda na jani limeshafungwa fundo, analo kwapani, kabla mjomba hajajua amekosewa nini.

Kiangazi kimoja Tembo akatoka na bintiye, Manka, kwenda mferejini kunywa. Wakakuta njia imekatwa na masale.

"Mpwa, njia ya maji iko wapi?"

"Imeingia kwangu. Sori, Mjomba." Jani likatoka kwapani.

"Manka ana kiu."

"Mzunguke kilima. Kuna mto kule nyuma. Mazoezi mazuri pia, kwa mwili wako."

"Baba, si turuke tu?" Manka akasema. "Ni majani."

"Si majani, mwanangu," Tembo akasema. Akapokea lile jani. Akasema maneno yake yaleyale. Kisha akamgeuza mtoto taratibu, wakauzunguka kilima. Kesho yake wakauzunguka tena, Manka anaburuta miguu. Siku ya tatu hawakurudi. Walishuka moja kwa moja mpaka nyikani, kwenye vumbi na miiba, nyumba wameiacha mlango wazi.

Pimbi akatoka, akasimama katikati ya shamba. Ng'ambo hii lake, ng'ambo ile lake, mfereji wake, mringaringa wake. Akajilaza chini akageuka. Akageuka tena. Hakumfikia jirani yeyote.

Halafu akaja Chui.

Chui miaka yote alikuwa akikaa mbali. Hakuwa anamwogopa Pimbi, nani amwogope Pimbi? Alikuwa anaogopa ile puu, puu, puu ya jirani. Sasa mlima uko kimya. Chui akayaona masale, mazuri, yametunzwa, akayaruka, hop, bila hata kuyatazama. Masale, wanangu, humzuia anayeyaheshimu tu.

Pimbi akamkimbilia na jani. "Mzee Chui, kama nimekukosea..."

"Hujanikosea," Chui akasema. "Nina njaa tu."

Pimbi akapenya kwenye ufa wa mwamba, mkewe na watoto nyuma yake, wamebanana kama ndizi kwenye mkungu. Wakabaki humo. Nje shamba kubwa kuliko yote mlimani, na ndizi zinaivia mtini, na hawezi kutoka kuchuma hata moja.

"Nenda kamwite mjomba wako," mkewe akamwambia.

"Nitamwambia nini?"

"Wewe si ndiye msomi?"

Pimbi akavizia Chui asinzie, akachuma jani, akashuka nyikani. Akamkuta Tembo chini ya mgunga, amekonda, ngozi imejaa vumbi. Manka alikuwa akila magome.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kuomba radhi, au umekuja kutafuta mlinzi?"

Pimbi akafungua mdomo atoe jibu la kishule. Akaliacha.

"Vyote viwili," akasema.

"Afadhali leo umesema kweli. Lete jani." Tembo akanyoosha mkonga bila kumtazama, kama alivyozoea.

Pimbi akalirudisha jani mgongoni. "Nikikupa utasema nini?"

"Nitasema nimekusamehe."

"Na utarudi?"

"Jani halijawahi kumrudisha mtu. Linamfunga mdomo tu."

"Na nisipokupa?"

Manka akaacha kutafuna. Tembo akaurudisha mkonga.

"Usiponipa, utasikia kitu ambacho hukipendi."

Pimbi akalitazama lile jani. Kisha akalitia mdomoni, akalitafuna, chungu, akalimeza na fundo lake. Akapiga magoti, mikono mitupu.

"Mjomba, ulinipa kazi nikiwa sina mtu. Nikakunyang'anya shamba, nikakunyima maji. Nisamehe."

"Hapana," Tembo akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema polepole, kama mtu anayetua mzigo.

"Nimekusamehe mara nyingi, mpwa wangu, na hakuna hata moja niliyoitaka mwenyewe. Hii ya leo ni yangu. Hapana."

Akamshika Manka kwa mkonga, wakaondoka, puu, puu, puu, mpaka mlio ukaisha masikioni.

Pimbi akapanda mlima peke yake, akapenya kwenye ufa wa mwamba, na mpaka leo ukoo wake uko humo. Mvua zilinyesha mwaka ule, na masale yakastawi vizuri ajabu, maana yalikuwa yamepata mtunzaji hodari.

Basi shikeni hili, mwende mkalale: ukimlazimisha jirani akusamehe, utaupata msamaha na jirani utamkosa.