Safari Isiyochukua Hata Dakika

Hapo zamani, wala si zamani sana maana ndege zilikwisha kuruka, mji wa Tumbwe ulikuwa na sultani aitwaye Badru, mwenye uwanja wa ndege mmoja, ndege moja na rubani mmoja. Rubani huyo, Masudi, alikuwa shemeji yake Mwinchande, mtu asiye na mbele wala nyuma, aliyeishi kwa ulimi wake na kwa wali wa dada yake, mkewe Masudi.

Basi Masudi alitumwa kupeleka barua Kalunde, mji wa mbali upande wa machweo. Aliondoka saa nne asubuhi, na alipotua, saa ya uwanja wa Kalunde ilionyesha saa nne asubuhi ileile. Kesho yake akaondoka huko saa nne asubuhi, akafika Tumbwe saa nne usiku. Sultani aliposomewa habari hiyo akawaka.

"Ewe Masudi! Kwenda hukutumia hata dakika, kurudi umetumia saa kumi na mbili! Ulipitia kwa nani?"

"Maulana, ni saa sita kwenda na saa sita kurudi. Kule jua huchelewa kuwafikia, na saa zao ziko nyuma ya zetu."

"Jua ni moja! Alhamisi utanipeleka Kalunde harusini. Tukirudi, utafungwa miezi kumi na miwili, mwezi kwa kila saa."

Dada yake Mwinchande akalia hata wali ukaungua. Mwinchande akaona uchungu, na njaa juu yake, akaenda zake kwa Sultani.

"Maulana, niruhusu nikuandalie safari hiyo kwa hesabu yako mwenyewe, nisizidishe wala nisipunguze."

Sultani akafurahi kumpata mwenye akili mmoja katika mji mzima. "Nimekuruhusu. Atakayeivunja hesabu yangu atafungwa pamoja na Masudi."

Ikawa Alhamisi Sultani akanywa bilauri tatu za maji ya ukwaju, akapanda ndegeni na mawaziri wake pamoja na Mwinchande. Saa moja ilipopita akamwomba Mwinchande chakula.

"Chakula cha nini, Maulana? Tumeondoka saa nne, tutafika saa nne. Hapa katikati hapana wakati wa kula."

Sultani akameza mate. Baadaye ukwaju nao ukadai haki yake, akauendea mlango wa choo, akakuta kufuli.

"Mwinchande! Fungua!"

"Nani aendaye haja katika safari isiyo na hata dakika? Nikifungua nimeivunja hesabu, nami nitafungwa. Labda useme kwamba safari hii ina saa."

Sultani akawatazama mawaziri, nao wote wakawa wanatazama mawingu. Akarudi kuketi, akabana miguu. Saa ya tatu akatoka jasho. Saa ya nne akaanza kusali kwa sauti. Saa ya tano akaruka kitini.

"Ina saa!"

"Ngapi, Maulana?"

"Sita! Sita kwenda na sita kurudi, ewe balaa!"

"Na Masudi je?"

"Hana kosa! Fungua, nakwisha!"

Mwinchande akautafuta ufunguo mfuko wa kulia, akautafuta wa kushoto, kisha akaukumbuka kofiani. Naye Masudi, aliyesikia yote, akacheka hata ndege ikayumba.

Walipotua, saa ya uwanja ilionyesha saa nne asubuhi. Sultani akaitazama, akaenda zake harusini. Safari ya kurudi Mwinchande alipewa sinia zima la biriani peke yake, lakini ufunguo wa choo Sultani aliuvaa shingoni mwake mwenyewe.